Unga Unaisha Jumatano

Uyole, Ijumaa

Mama,

Kamwene. Nakusalimu kwa lugha ya kwenu, kama ulivyopenda niseme nikifika kutoka shule, hata majirani wa hapa wakitucheka. Nimekaa kwenye jiwe karibu na kaburi lako, daftari liko magotini. Kikapu kiko pembeni, na ndani yake kuna kopo lako la kupimia unga, nimelifunika kwa kanga yako ile ya bluu.

Naogopa, Mama. Ningependa kuanza na habari nzuri, lakini mkono haukubali.

Basi nianze na viazi. Unakumbuka siku uliyonipeleka shule Iringa, lori letu likasimama Mafinga? Tulikuwa tunatetemeka kwa baridi. Ukanunua viazi vya kuchemsha kwa senti kumi, vikawa vitano, ukaniambia niweke viwili ndani ya sweta ili vinipashe moto kabla sijavila. Niliporudi safari hii, baada ya kupata habari zako, lori lilisimama palepale. Mwanamke wa viazi alikuwa yuleyule mwenye pengo. Nikatoa senti kumi, akanipa vitatu. Nilibaki nimenyoosha mkono nikidhani amesahau. Akaniambia, "Mwanangu, unangoja nini? Vingine bado viko shambani." Watu wote kwenye lori wakacheka. Niliona aibu nikarudi kukaa. Sikuvila mpaka vikapoa.

Hata senti zenyewe zimebadilika. Wewe ulizoea zenye jina la Mfalme, sasa zinakuja mpya zenye jina la Malkia. Tundu katikati ni lilelile, ila kinachopatikana kwa senti hizo kimepungua. Debe la mahindi ulilonunua kwa shilingi tatu sasa ni tano, na siku nyingine hata kwa tano hulipati. Mvua zimechelewa. Tena wakati wa mavuno wenye malori walikuja, watu wakawauzia mpaka ghala zikabaki na panya, wakanunua mabati na baiskeli. Sasa malori yaleyale yanaturudishia mahindi yetu wenyewe.

Mama mdogo Luiza alikuja kutoka Kilolo wiki ile ile tuliyokuzika, na hajarudi kwake. Ndiye anayetulea mimi na wadogo zangu. Baba bado yuko migodini, na barua yake ya mwisho ilikuja wewe ukiwa hai. Mama mdogo ni mwema, Mama. Analala na Rehema kwa sababu Rehema anakulilia. Nataka ujue hilo kabla sijakuambia hili jingine.

Darasa la nane nimemaliza, na kwa kuwa hakuna kazi nyingine, nimechukua nafasi yako sokoni. Nakaa palepale pako, kwenye gunia lako, na unga mbele yangu. Unajua nilivyo. Mtu akiniuliza bei, sauti inaingia tumboni. Ulikuwa unaniambia, "Esta, bei haisemwi kwa kunong'ona. Ukinong'ona mtu anadhani umeshamwibia." Lakini kwa kweli sikuhitaji kusema. Watu wakiliona kopo wanaweka senti kumi mbili, wanafungua vitambaa vyao. Wanalijua. Hata wauzaji wengine wakigombana na mnunuzi, bado utasikia, "Leteni kopo la Mama Esta tupime!" Nalitoa, wanapima, ugomvi unaisha.

Jumamosi moja, wiki tatu zilizopita, nilikuwa nachota unga, vidole vyangu vikagusa kitu chini ya kopo. Kitako kilikuwa kimeingia ndani kama mgongo wa kobe. Kwa nje huoni kitu. Nilidhani limeanguka. Nilipofika nyumbani nikachukua kikombe cha bati nikapima kwa maji. Kopo lako lilikuwa linaingia vikombe vitatu kamili, mimi mwenyewe nilipima nikiwa darasa la nne kwa sababu ya hesabu za shule. Sasa viliingia viwili tu.

Mama mdogo aliniona. Hakukana. Alisema, "Nimeligonga mimi, kwa jiwe. Ukipandisha bei wanakimbia. Ukipunguza kopo wanabaki, na roho zao zinatulia. Soko zima wamefanya hivyo, lililokuwa limebaki kamili ni hili la mama yako tu." Akasema tena, polepole, "Esta, nikiuza kwa kopo lile la zamani, mwezi ujao tunakula nini? Niambie wewe uliyesoma."

Mwalimu alitufundisha kwamba vitu vikiadimika bei inapanda, na niliandika vizuri nikapata alama zote. Hakutufundisha mtu afanye nini akiwa amekaa kwenye gunia la mama yake.

Basi niliuza. Jumamosi mbili zaidi, Mama, nikijua. Nilijaza kilele kama wewe, nikaongeza kiganja kimoja kama wewe, na watu wakaniambia, "Mungu akubariki, mtoto wa mama yako." Kila mara karani wa soko alipopita nililifunika kopo kwa kanga. Mwezi uliopita alimkamata mwanamke wa maharage kwa kupunja, akalikanyaga kopo lake mbele ya watu, akampeleka barazani kushtakiwa. Nilijiona mimi nikipelekwa, na watu wakiuliza, mtoto wa nani huyu? Na jina lako likitajwa.

Nilifikiri hilo ndilo jambo la kuogopa. Kumbe sivyo.

Juzi Jumatano nilikutana na Mama Lukasi kisimani. Unamjua, mjane anayefanya kibarua kwenye shamba la pareto, ambaye ulikuwa unamwongezea viganja viwili. Akaweka ndoo chini, akasema, "Esta, siku hizi sijui nyumba yangu imeingiwa na nini. Unga wa makopo manne ulikuwa unanifikisha Ijumaa. Sasa unaisha Jumatano." Nikatazama maji. Akaendelea, anacheka kidogo, "Nimemgundua mwizi lakini. Ni Neli. Anaramba unga mbichi nikiwa shamba. Nimemchapa jana, na wiki iliyopita nilimchapa. Anaapa hakula, mtoto ana kichwa kigumu huyo! Nitamchapa mpaka aseme."

Neli ana miaka sita, Mama. Ulimfunga kitovu wewe alipozaliwa.

Mama Lukasi hakunishuku hata kidogo. Angeweza kulishuku kopo, au mimi, lakini kwanza alimshuku mtoto wake wa kumzaa. Kopo lako analiamini kuliko Neli. Nilitaka kusema, Mungu anajua nilitaka. Nikasema, "Pole, mama." Nikabeba ndoo nikaondoka, maji yakamwagika njia nzima.

Tangu hapo siwezi kula. Nikisonga ugali naona ni wa Neli.

Leo mchana Mama mdogo alipokwenda kutafuta kuni, nililisimamisha kopo kwenye mchanga nyuma ya nyumba, nikashika mchi, nikagonga kitako kutoka ndani. Halikurudi kama zamani. Limekunjamana chini, na ukiliweka mezani linayumba. Lakini nimepima kwa maji. Vikombe vitatu.

Mama mdogo aliporudi nilimwonyesha. Nilimwambia kesho nitauza kwa senti thelathini, kopo kamili. Alikaa chini na kuni zikiwa bado kichwani. Akasema, "Watatukimbia." Nikasema huenda. Akasema, "Na wewe utaitamka vipi hiyo thelathini, wewe ambaye hata kanisani wimbo wako hausikiki?" Hakusema kwa ubaya. Halafu akasema, "Ukimaliza huko uendako, urudi kabla ugali haujapoa." Sijui kama amekubali au amechoka.

Kwa hiyo nimekuja kujifunza hapa kwako. Nimesimama nikasema, "Senti thelathini." Mara ya kwanza hata mimi sikuisikia. Mara ya pili ilitoka kama kikohozi. Mara ya tatu mbuzi aliyekuwa anakula majani pale kwenye ua aliinua kichwa akanitazama. Basi wewe na mbuzi ndio wa kwanza kusikia bei mpya. Nisamehe kwamba imepanda mikononi mwangu. Siwezi kuirudisha chini, Mama, naweza kuisema tu.

Lakini kuna sentensi nyingine, na hiyo sijaweza kuitoa mdomoni hata kwako. Naiandika kwanza. Neli hakuiba. Tulipunguza sisi.

Nimeisoma mara nyingi. Ni maneno machache tu. Huenda Mama Lukasi atanipiga. Huenda atalia, na hilo naliogopa zaidi. Huenda atasimama sokoni kesho awaambie wote, na hakuna mtu atakayesema tena leteni kopo la Mama Esta. Ndani ya kikapu, chini ya kopo, nimefunga unga wake wa wiki tatu, ule uliopungua. Nimeupima kwa kikombe, nikaweka viganja viwili juu.

Lala salama, Mama. Nakuahidi sitanong'ona. Kutoka hapa naiona nyumba ya Mama Lukasi, moshi umeanza kutoka, na Neli amekaa mlangoni peke yake, ameelekeza uso ukutani. Naenda sasa hivi, kabla miguu haijabadili nia.

Mwanao,
Esta