Ukuta wa Ngazi na Lenzi Tatu

Jumatatu, 4 Machi 1985

Leo miaka miwili na miezi minne tangu niondoke nyumbani. Likizo imekubaliwa! Naondoka na gari la Jumamosi ya tarehe 16.

Barua ya dada imefika. Baba hainuki tena bila kushikwa, ila mdomo mzima. Mwashi ni mwashi, hata kitandani anakagua kuta za chumba. Anauliza kama bado nawabebea watu matofali. Dada kamjibu kwamba sasa najenga, ukuta wote wa ngazi za jengo la hapa ni kazi ya mkono wangu. Baba kasema basi niupeleke auone.

Niupeleke vipi? Ukuta hauingii kwenye sanduku. Na Ijumaa ya tarehe 15 maseremala wanaanza kuufunika kwa mbao, chini mpaka juu. Baada ya hapo hakuna mtu atakayeuona tena.

Nitaupiga picha. Kamera ninayo, ile kuukuu aliyoniachia mwenzangu wa kitanda cha juu alipoondoka.

Jumanne, 5 Machi

Nimejaribu saa ya chakula. Kamera hii huchungulii kupitia lenzi, unachungulia kidirisha cha pembeni. Kitu kimoja unakiona viwili, unazungusha lenzi mpaka viungane. Hiyo naipenda, ni kama kulenga uzi wa kujengea. Lakini lenzi yake ni ya milimita 50. Nimegandamiza mgongo kwenye ukuta wa mkabala — nimepata ngazi nane tu na kipande cha ukuta wangu.

Kijiko kapita na ndoo. Tunalala chumba kimoja, na jina hilo kalipata kwa sababu hatembei bila kijiko mfukoni. Kasema nirudi nyuma kidogo. Nirudi wapi, nitoboe ukuta? "Si umejenga mwenyewe? Toboa!"

Jumatano, 6 Machi

Nimekwenda kwa fundi kamera. Mzee ana miwani mbili, moja usoni, moja kipajini. Katandaza kitambaa, kaweka lenzi tatu: 35, 28, 21. Kumbe namba ikipungua, lenzi inaona pana zaidi. Nikasema nipe hiyo ya 21, tumalize.

Kacheka. "Mwanangu, lenzi si shuka, kwamba ikiwa pana zaidi ndiyo unalala vizuri."

Ya 35 mipaka yake imo tayari kwenye kidirisha. Hizo mbili zinataka kidirisha kingine kidogo cha kupachika juu, la sivyo unapiga kama kipofu. Kakubali nijaribu moja moja, na picha atanisafishia yeye. Nimemwachia saa yangu ya mkononi iwe rehani.

Ijumaa, 8 Machi

Ya 35: bado haitoshi. Ghorofa ya pili yote imekatwa. Na nusu ya mkanda ni giza tupu — nilipiga kifuniko kikiwa kwenye lenzi! Kidirishani unaona kila kitu kizuri, kumbe lenzi imefumba jicho. Mzee kasema karibu chamani, hata yeye yalishamkuta.

Jumapili, 10 Machi

Ya 21. Ukuta wote umeingia! Ila umelala kama mlevi. Pande zote mbili zimeegemea ndani, na mlango nao. Mzee kasema kosa langu, nimeielekeza kamera juu. Lenzi pana ukiinua pua yake, kila kilichosimama kinaanguka. Nikiiweka sawa, juu kunakatika na sakafu inajaa picha.

Hii siwezi kumpelekea mwashi.

Jumatatu, 11 Machi

Nimewaza tangu asubuhi nikichanganya saruji. Kama kamera haitakiwi kutazama juu, basi ipande yenyewe. Jukwaa la ukuta wa mkabala bado halijabomolewa. Nimechukua lenzi ya 28, nikapanda hadi katikati ya ukuta, kamera juu ya ubao, pimamaji juu ya kamera. Kiputo kikakaa katikati. Kifuniko nimekitia mfukoni!

Msimamizi kauliza kama siku hizi kamera nazo zinajengwa.

Jumatano, 13 Machi

Picha imetoka. Ukuta umesimama wima, chini mpaka juu. Isipokuwa mahali pamoja, kwenye kona ya ghorofa ya pili. Pana tumbo, matofali yamejitokeza.

Nikamwambia mzee lenzi yake mbovu. Hakukasirika. Kaweka rula kwenye picha: mlango sawa, nguzo sawa. "Lenzi haichagui kona moja tu ya kuionea."

Nikarudi kazini, nikashusha timazi. Tumbo limetoka unene wa kidole kizima. Nakumbuka ile wiki. Nilikuwa na homa, nikajenga kwa jicho, bila timazi.

Jioni nikamweleza mzee. Kanisogezea picha ya 21. "Mpelekee hii. Humu kila kitu kimeinama, nani atajua?"

Ni kweli. Hakuna.

Alhamisi, 14 Machi

Nimeshinda na picha zote mbili mfukoni. Nimemwambia msimamizi kuhusu kona. Kapanda, katazama, kashuka. Kasema ukuta hauanguki, mbao zitafunika, niende kwetu nikamwone baba yangu. Hajakosea.

Ya 21 baba ataitazama, ataitukana kamera, kisha atanisifu. Sifa hiyo naitaka. Naitaka mpaka sasa ninapoandika.

Saa ya kutoka nikamwomba msimamizi siku nne za ile kona.

"Gari la Jumamosi halikungoji, bwana."

Najua.

"Na baba yako je, atakungoja?"

Nikaokota nyundo na patasi. Kasema maseremala waanzie chini, nisiwacheleweshe.

Ijumaa, 15 Machi

Nyundo zinalia chini yangu tangu asubuhi. Mistari mitano ya matofali nimeshaibomoa, sita bado. Kijiko ananishushia matofali na kunitukana kwa kila ndoo. Kasema hajawahi kuona mtu anayejinyima likizo yake mwenyewe.

Picha ya 28 nimempa dereva wa gari la kesho, ampitishie dada. Mahali penye tumbo nimepazungushia kalamu, baba asihangaike kupatafuta. Nyuma nimeandika: Jumapili msinitazamie. Nabomoa hapa, najenga upya. Nafika Ijumaa, tarehe 22, kwa gari la Alhamisi.