Grafu Niliyoisoma kwa Sauti

Jumapili, jioni. Mvua ya mawe imepiga Marani tangu saa nane, na majani ya migomba yamechanika vipande vipande. Nimekaa jikoni. Sina hamu ya kula wala ya kuongea na mtu.

Nina jambo la kukiri. Leo nilijaribu kulikiri nyumbani nikashindwa, kwa hivyo nitaliandika hapa.

Mamangu ana miaka sabini na mbili. Kwa miaka mingi amekuwa akimeza vidonge vya presha kila asubuhi huku akilalamika kwamba vinampa kizunguzungu na kumpeleka chooni kila saa. Mimi ndiye niliyekuwa nikimpeleka kliniki. Nami ni mwalimu wa baiolojia. Nalisema hili mapema usije ukadhani nilikosa elimu.

Miezi miwili iliyopita, alasiri ya Sabato, mwanamume mmoja mwenye koti jeupe alikuja kanisani kwetu kutufundisha mambo ya afya. Alikuwa na kompyuta ndogo na fimbo ya chuma iliyounganishwa nayo kwa waya. Unaishika fimbo kwa dakika moja, kisha kompyuta inaonyesha hali ya moyo, figo, ini, mpaka mifupa. Alisema amekodi chumba karibu na soko la Daraja Mbili. Wiki iliyofuata nikampeleka Mama.

Zilitoka karatasi nne zenye grafu za rangi. Bwana yule alimwambia Mama kwamba magoti yanamsumbua, na Mama akanitazama kwa mshangao. Mwanamke aliyechuma majani chai miaka arobaini kwenye miteremko yetu, magoti yatakosaje kumsumbua? Swali hilo limenijia leo. Siku ile halikunijia.

Kisha bwana yule akanipa mimi zile karatasi.

"Mwalimu," akasema, "wewe unaelewa mambo haya. Wasomee."

Kwenye benchi kulikuwa na akina mama sita wakingoja zamu yao. Nikasimama, nikasoma. Nikawaeleza kazi ya figo kwa lugha yetu ya Ekegusii, nikawaonyesha mstari mwekundu na wa kijani, nao wakaitikia kwa vichwa. Nilijisikia vizuri sana.

Hilo ndilo linalonitia aibu kuliko yote.

Yule bwana akatuambia kwamba vidonge vya presha ndivyo vinavyomharibu Mama figo. Aviache, anywe unga wake wa mitishamba. Mama aligeuka akanitazama mimi, akaniuliza kwa sauti ya chini kama kweli aviache.

"Viache, Mama," nikamwambia.

Hata wiki tatu hazikuisha. Alianguka shambani asubuhi, kati ya migomba. Ni kiharusi. Mkono na mguu wa kulia vimekufa ganzi, na maneno yamempotea. Amebaki na sauti moja tu, ya kuguna.

Hospitalini daktari aliuliza ni nani aliyemwambia aache dawa. Nikajibu kwamba aliziacha mwenyewe, kwamba wazee wetu ni wakaidi. Mama alikuwa amelala pale pale, macho wazi, akisikia. Dada yangu Moraa, aliyeolewa Nyamira, alikuwa amesimama kando yangu. Tangu siku hiyo, kila akija kumwogesha Mama humgombeza kwa ukaidi wake. Mama hawezi kujitetea. Mimi hunyamaza.

Jumatano, baada ya vipindi, nilirudi Daraja Mbili. Nilikuta benchi limejaa. Nikawaambia wanawake waliokuwapo yaliyompata mamangu, nikawasihi waende zao nyumbani. Bwana yule hakugombana nami. Alinipa pole, kisha akasema huenda mgonjwa hakuutumia unga inavyotakiwa, na wakamkubalia. Wa tatu kwenye foleni alikuwa jirani yetu, Mama Nyaboke, ambaye ana kisukari. Nikamshika mkono tutoke. Akautoa mkono wake polepole.

"Mwalimu, si ni wewe uliyetusomea?"

Nilitoka nikapita katikati ya wauza mitumba bila kuona mtu.

Zamani nilidhani wanaodanganywa ni wale wasiojua. Mimi nilijua. Nafundisha moyo na mishipa ya damu kila mwaka. Lakini nilikuwa nimechoka na kliniki, nimechoka na foleni na malalamiko, na nilitaka mtu mwenye koti jeupe aniambie yametosha. Yule bwana hakunidanganya peke yake, nilimsaidia. Naye Mama hakumwamini yeye hata kidogo. Aliniamini mimi.

Leo mchana Moraa alikuwa akimlisha Mama uji, akaanza tena kumlaumu. Nikamkatiza. Nikamwambia Mama hakuwa mkaidi. Ni mimi niliyemwambia aache vidonge, na hospitalini nilisema uongo.

Moraa akaweka kikombe chini. Hakunitukana. Alimgeukia Mama, akamuuliza kama ni kweli.

Mama akatikisa kichwa kukataa. Akaunyoosha mkono wake wa kushoto, akanishika mkono kwa nguvu, akakataa tena.

Basi Moraa akaniambia niache kujibebesha makosa yasiyo yangu, kwamba huruma itanimaliza. Nikarudia kumweleza tangu mwanzo. Hakutaka kusikia. Akachukua kikombe, akaendelea kumlisha.

Amemwamini Mama.

Sijui Mama alikataa ili anilinde, au ni kwa sababu mpaka leo anaamini kwamba nilimshauri vyema. Nimemuuliza tulipobaki wawili. Alinitazama tu, akaguna.

Kesho asubuhi Kidato cha Tatu watafungua madaftari na kuandika kila neno nitakalotamka, bila hata mmoja kuuliza nimelijuaje. Nitasimama mbele yao kwa uso gani?