Dawa Iliyonyamazisha Vyura

Salma mjukuu wangu,

Marahaba. Sie huku Chanika hatujambo, mama yako anakusalimu. Umeuliza kama dawa ya magugu huwa inaisha kwenye maji ya mpunga.

Nilipokuwa msichana, dawa hiyo ilipopulizwa bondeni kwetu mara ya kwanza, mama yangu alisikia neno "dawa" akaenda kuoshea kidonda chake jarubani, kwenye maji ya mpunga. Baba akapiga kelele, "Toka! Hiyo sumu!"

"Sasa mbona mnaiita dawa?"

Msimu ule vyura walinyamaza.

Juzi jirani kapuliza mpunga wake, na kisima chetu kiko upande wa chini wa shamba lake. Maji ni safi machoni, hayana harufu. Tangu hapo nasimama kisimani na ndoo tupu, nasikilizia chura.

Bibi yako