Kava la Chuma Nililomtengenezea Dada Yangu

Mshauri mpendwa, shikamoo kama umenizidi umri, na kama mimi ndiye mkubwa basi ichukue tu, haina hasara. Naomba msaada wako maana nina jambo limenikaa kooni, na mimi si mtu wa kukabwa kirahisi. Ni fundi wa kuchomelea vyuma, shule niliishia darasa la sita lakini nimefanya kazi bandari mbili na mgodi mmoja, nimetengeneza mageti ya matajiri ambao mbwa wao wanakula vizuri kuliko mimi, na hakuna chuma kilichowahi kunishinda, ndiyo maana dada yangu, mdogo wetu mimi na kaka mkubwa, alipovunja kioo cha simu mara ya pili nilimwambia aachane na makava ya plastiki ya barabarani, nitamvalisha simu yake vazi la kudumu.

Nikatengeneza kava la chuma la vipande viwili, mbele na nyuma, cha mbele kina kifuniko cha bawaba cha kufunika kioo asipoitumia, pembe nimezipiga tupa mpaka zikalainika kama sabuni iliyotumika, na ili mtu yeyote asije akaichezea kazi yangu nikalifunga kwa skrubu nne ambazo bisibisi yake niliichonga mwenyewe, iko moja tu duniani na inakaa mfukoni mwangu. Nililiangusha kutoka juu ya ngazi mbele ya wateja, simu ikabaki nzima, watu wakapiga makofi, na siku ile ile mkunga mmoja na dereva wa lori wakaagiza ya kwao, nikawafungia.

Wiki haijaisha dada akaja karakana.

"Kaka, hiki kitu kinaichemsha simu kama pasi, tena nikiingia ndani mtandao unakata."

"Mtandao waulize wenye minara. Mimi niulize kama imevunjika."

"Haijavunjika. Lakini nifungulie."

"Nitapita Jumapili."

Sikupita. Akaja mara ya pili, nikamtania mbele ya wateja kwamba analilia plastiki kama mtoto aliyeachishwa ziwa, wakacheka, naye akacheka kidogo, akaondoka.

Kisha mama akalazwa. Dada ndiye aliyekuwa akimuuguza, na kwenye faili iliandikwa namba yake peke yake, kwa kuwa kutoka kwake mpaka wodini ni dakika kumi kwa miguu. Mchana mmoja nesi akamwambia nenda kaoge, ule kidogo, tutakupigia. Akaenda, akaiweka simu mezani mbele yake, haikulia, akajua mama anaendelea vizuri. Saa kumi kaka mkubwa alifika kumwona mgonjwa akakuta kitanda kimetandikwa upya. Nesi akamwambia, "Tumempigia binti yake tangu saa saba, hapatikani. Mama alikuwa anamuulizia."

Mshauri, kaka alimsema dada mbele ya ukoo mzima siku ya mazishi. Alimwambia, "Ulizima simu ukalala, mama akafa anakuita." Mimi nilikuwa nimesimama pale na sikuelewa kitu bado.

Wiki moja baadaye nilikwenda kumtazama, yeye yuko uani anafua, simu iko mezani, moyo ukanituma nijaribu. Nikampigia nikiwa hapo hapo: haipatikani. Nikafungua skrubu zangu, nikalivua kava, nikapiga tena, ikalia. Dada akaja mbio, mikono ina povu, akauliza, "Hospitali?"

Nikasema, "Ni mimi, najaribu tu." Nikalitia kava mfukoni, nikamdanganya kwamba skrubu moja imekatika.

Sasa kaka ametangaza kwamba Jumamosi tukikutana kugawana vitu vya mama, dada asikanyage. Naye dada ameanza kuamini, anasema, "Labda niliizima mwenyewe bila kujua." Mke wangu ananiambia mama hatarudi, nikisema nitawapoteza kaka, dada na wateja kwa siku moja. Nimemwekea dada mlango mpya wa chuma bure, lakini nikipita kwake bado siwezi kumtazama usoni. Niseme, au ninyamaze niendelee kumtunza hivi hivi?

Wako, Fundi Mageti

MSHAURI ANAJIBU

Fundi, pole kwa msiba. Nimekuhurumia, kisha nimekukasirikia, na hasira bado haijaisha.

Chuma kikiizunguka simu pande zote kinazuia mawimbi yasiingie na joto lisitoke. Hukulijua hilo, na wengi hawalijui. Kwa hilo sikulaumu. Nakulaumu kwa sababu mwenye simu alikueleza mara mbili, kwa mdomo wake, nawe ukaona makofi ya wateja ni mazito kuliko neno lake. Na kosa kubwa zaidi unalifanya sasa: dada yako anaamka kila asubuhi akijiuliza alibonyeza nini, na wewe jibu unalo.

Wewe hukumuua mama. Ugonjwa ndio uliomchukua, usijipe na ukubwa huo. Lakini ulimnyima binti yake kumuaga, na unamwacha abebe lawama yako. Mlango wa chuma hautamtua mzigo huo. Mkeo anakupenda, ila hapa amekosea.

Nenda kwa dada leo, peke yako, kabla ya kumwambia mtu mwingine. Mkabidhi kava na bisibisi, afunge na kufungua mwenyewe, apige mwenyewe, asikie kwa masikio yake. Usimtanie. Najua utani ndio ngao yako, leo uuache nyumbani. Usianze na "sikujua", anza na "uliniomba nikakataa." Jumamosi uwe wa kwanza kusimama, na useme mbele ya wale wale waliosikia akitukanwa, si pembeni na kaka mkubwa. Kaka akifoka, mwache afoke, kisha mwambie amwombe dada radhi.

Ukitoka kwa dada pitia kwa mkunga ulivue kava lako kwenye simu yake, maana kuna wanawake wenye uchungu wanaopiga namba yake sasa hivi. Kisha mtafute dereva popote alipo.

Dada yako akikuambia utoke, toka. Usijitetee mlangoni. Kesho yake rudi.