Mashua Iliyoning'inia Kiwandani

Point, Durban

Baba yangu,

Jambo yako, na jambo ya Mama. Goti lako liko namna gani? Mama anasema limepona, wewe unasema limepona, lakini dada Feza ameniambia unashuka ngazi za bandari kinyumenyume. Sasa nimwamini nani? Mimi ni mzima, nakula, nalala, bado nina meno yote.

Nimesikia neno lako. Umesema nirudi Kindu kabla ya mvua nishike mashua yako, ama utampa mtoto wa Baba Mdogo. Kwa simu wewe unapiga kelele, na mimi napiga kelele, mwisho Mama analia. Ndiyo sababu naandika. Tafadhali soma mpaka chini kabla hujakasirika.

Kazi yangu mpya iko kwenye mto, Baba, kaskazini ya mji. Mwenye mashua ni Mhindi wa hapahapa, mzee tunayemwita Anko Deva. Aliona mashua za namna hiyo Uingereza, akarudi akajichomelea yake ya chuma. Ni ndefu kama kanisa letu, lakini nyembamba: nikisimama ndani na kunyoosha mikono, nagusa kuta zote mbili. Ina vitanda, jiko, na mapazia ya maua. Inapanda mto polepole hadi mji mdogo uliokuwa na kiwanda cha sukari. Kiwanda kilifungwa zamani. Babu yake Anko alichemsha sukari humo mpaka akafa, na sasa mjukuu anapeleka wageni wakakae siku mbili, wanywe chai, watazame bomba la moshi lisilotoa moshi. Watu wanalipa ili wachelewe, Baba! Wewe uliyetutukana miaka yote kwa sababu ya kuchelewa kufika bandari ya Ubundu, ungecheka mpaka uanguke majini.

Anko aliniahidi hivi: nikifanya safari tatu bila kosa, ataniandikia barua nifanye mtihani wa leseni ya nahodha. Bila barua yake hakuna mtihani. Safari mbili nilifaulu, lakini mashua alifunga Anko mwenyewe. Ya tatu aliniachia kufunga mashua peke yangu kwenye ukuta wa kiwanda.

Nilifunga kama ulivyonifundisha. Kamba fupi, imekazwa, mafundo mawili, mashua imebana ukuta kabisa ili mkondo usiichezee. Nikaitazama, nikajipongeza, nikaenda na wageni kuona vyungu vya sukari. Mama mmoja tu, mwalimu mstaafu, alibaki ndani amelala.

Tuliporudi mchana, mashua ilikuwa inaning'inia. Sikuongopei. Maji yalikuwa yameshuka urefu wa mtoto wa miaka mitano, na kamba zangu nzuri zilikuwa zimeishika kwenye ukuta, ubavu mmoja juu, mwingine umelalia mto. Vikombe vilikuwa vinavunjika kimoja kimoja. Yule mwalimu alikuwa ameviringika kutoka kitandani, anapiga kelele kwamba tunazama.

"Eish, Ramazani!" Anko alishika kichwa. "Hukuangalia maji?"

"Maji yamekwenda wapi, Anko?" nikamwuliza.

Wageni wakacheka. Walidhani nafanya mzaha. Baba, mimi nilitaka kujua kweli! Akaniambia bahari imeyavuta, na kwamba jioni itayarudisha. Nikaona ananifanya mjinga. Nani kwetu amewahi kuona mto unarudi? Lualaba yetu inakwenda, basi.

Anko alichomoa kisu akate kamba. Nikamshika mkono. Angekata, mashua ingeanguka kwa ubavu na yule mama ndani. Nikachukua kamba nyingine, nikaifunga kwenye mashua, nikaizungusha mara tatu kwenye nguzo, nikaibana, ndipo tukakata ile ya zamani. Upande wa pili nikamfungia Anko kamba vilevile, aishike yeye. Nikawa naamuru: "Legeza! Simama! Legeza!" Mzee mwenye mali akanitii. Mashua ikashuka taratibu mpaka ikalala majini, na mwalimu akatoka amelowa, ananitukana kwa adabu.

Sasa sikia jambo ambalo nimelificha miaka kumi na moja. Unakumbuka siku ya mapipa Ubundu, pipa la mafuta lilipoponyoka ngazini na Mjomba alikuwa chini yake? Ulinikuta na kamba mkononi, ukanisifu mbele ya bandari nzima. Baba, mimi nilikuwa nimekimbia. Aliyezungusha kamba kwenye mti na kulishika pipa ni Feza. Viganja vyake vilichubuka, akaenda kuvitia majini, na mimi nikashika kamba wakati unafika. Yeye alinyamaza. Mimi nikanyamaza pia, na ukaanza kuniita nahodha. Ile kazi niliyofanya kiwandani, nilimwona yeye akiifanya.

Anko alikataa kuandika barua. "Mtu asiyejua mto wangu hawezi kuushika," alisema. Nilikasirika, halafu nikaona ana haki. Basi nikanunua rangi soko la Warwick, nikapaka alama za vipimo kwenye mti mrefu wa kusimika majini, na kila siku ya mapumziko nilipanda taksi mpaka ule ukuta. Nilikaa tangu jua linapochomoza mpaka linapozama, naandika maji yalipo. Wiki sita. Wavuvi wa pale waliniita kichaa. Sasa najua maji yatakuwa wapi kesho na keshokutwa, na kwa nini saa zake zinasogea kila siku. Nilimpelekea Anko daftari. Alilisoma amesimama, akaniuliza maswali mawili, akaketi kuandika ile barua. Mtihani ni mwezi ujao.

Kwa hiyo sirudi, Baba. Nisamehe, lakini sirudi. Nimeanza kuujua mto huu, na siuachi.

Msalimie Mama, mwambie blanketi lake bado linanitosha. Msalimie Mjomba Asumani fundi wa injini, ambaye pia namwomba radhi, maana alimshukuru mtu asiyefaa. Msalimie Bibi, na Baba Mdogo, naye asiwe na kinyongo: mtoto wake ni mwema, lakini hata mtumbwi anaupigisha mawe.

Mashua mpe Feza. Usimpe kama msaidizi, wala kama wa kuniwekea mimi nafasi. Umkabidhi mchana, bandarini, pale pale uliponisifu mimi, watu wote wakisikia. Na kabla hujasema neno, mwambie akufungulie viganja uvitazame.

Mtoto wako aliyeongopa, na hataongopa tena,
Ramazani