Jina la Chini kwenye Kisanduku cha Barua

Brussels, Jumanne, Novemba 1996. Mvua nyembamba tangu asubuhi, na mfereji umekuwa wa rangi ya bati.

Kosa la wengi wetu wageni ni kudhani kwamba miadi ya karatasi za ukaazi hupatikana dirishani. Tunapanga foleni mapema, tunajibiwa kwa upole au kwa ukali, tunarudi nyumbani tukiamini kazi imekwisha. Dirishani unaomba tu. Siku yenyewe huja kwa posta.

Naandika haya kwa sababu ya Zohra, jirani yangu wa ghorofa ya pili, Mmoroko wa Nador, mjane tangu mwezi wa nne. Huniita hajja ingawa sijawahi kufika Makka. Nilipomweleza hivyo, alisema basi jina hilo liwe dua.

Kadi yake ya ukaazi inakwisha mwisho wa mwezi huu. Mama yake ni mgonjwa huko Nador, naye hathubutu kusafiri: akitoka bila kadi mpya huenda asiruhusiwe kurudi, na binti zake wawili wanasoma hapa. Mwezi wa tisa alikwenda manispaa, dirisha la wageni, akaambiwa asubiri barua ya kumwita. Barua haikuja. Kila Ijumaa alipanda kwangu kuniuliza kama aende tena, na kila Ijumaa nilimwambia asubiri, kwamba ofisi haipendi kusumbuliwa.

Nakiri: nilikuwa nahubiri subira huku kadi yangu imo kabatini.

Wiki iliyopita nilikwenda naye. Karani, binti mwenye mafua, alifungua faili akatuonyesha bahasha mbili zilizorudi. Polisi wa mtaa naye alikuwa amekuja kuhakikisha kwamba Zohra anaishi pale, akasoma majina kwenye kengele, lake hakuliona, akaondoka. Ikirudi barua ya tatu, karani alisema, jina la Zohra litafutwa kwenye daftari la wakazi.

Zohra alipapasa kifungo cha koti kilichokuwa kimefungwa tayari.

Ngoja nieleze, maana hapa ndipo watu hujikwaa. Katika karatasi za hapa, kama za kwao Morocco, mwanamke hubaki na jina la ukoo wa baba yake hata akiolewa. Kwa hiyo barua zote huandikwa Zohra Bentahar. Lakini kwenye kisanduku na kengele kumeandikwa Amrani tu, jina la marehemu mumewe, Driss. Aliliandika mwenyewe kwa wino wa buluu siku walipohamia. Zamani haikuwa shida, kwa sababu mleta barua aliwajua wote kwa sura. Yule amestaafu. Huyu mpya anasoma tu.

Tuliporudi tulimkuta papa Musafiri, Mkongo wa Bukavu anayekaa chini, akifuta baiskeli yake mlangoni. Alipoelezwa habari ya mleta barua alicheka kidogo, kisha akasema taratibu:

"Bon, maman Zohra, facteur haiko malaika. Hasomake roho ya muntu. Anasomaka jina tu."

Akajitolea kukibandua kile kikaratasi aweke kipya. Zohra akaweka kiganja juu ya jina la mumewe.

Hakuna aliyemwambia auondoe mkono.

Nilikuwa mwalimu Bujumbura kwa miaka mingi. Nimefuta ubao mara nyingi mno hata nikasahau kwamba yako maandishi yasiyofutwa. Nikamuuliza kama Driss anahitaji nafasi yote ile. Akaitazama, akaipima kwa kidole.

"Andika chini yake, hajja," alisema. "Yeye abaki alipo."

Nikaandika kwa mwandiko wangu wa ubaoni, herufi kubwa, kisandukuni na kwenye kengele. Papa Musafiri akaleta utepe wa plastiki wa kuzuia mvua. Kesho yake tulirudi kwa karani kumwambia, naye akaahidi kutuma barua ya mwisho. Polisi wa mtaa alikuja Ijumaa, akasoma, akabonyeza kengele, akamkuta.

Leo si Ijumaa, lakini Zohra amepanda. Mikono ilikuwa na unga, na bahasha aliishika kwa ncha za vidole. Alinipa niifungue mimi. Ameitwa Alhamisi, saa tatu na nusu asubuhi. Aliniomba nimsomee mara mbili, kisha akashuka kumpigia mama yake simu, na ngazini nilimsikia akipenga kamasi.

Baada yake nikashuka na miwani kutazama kisanduku changu. Herufi zimefifia, zimebaki tatu tu. Mimi niliyejua kila kitu.

Kwa hiyo, kabla ya kwenda kupanga foleni yoyote, shuka ngazi leo, uandike kisandukuni jina lilelile lililo kwenye kadi yako.