Namba ya Siku ya Mvua

Alhamisi, 14 Machi 1996
Mvua tangu saa tisa mchana. Bati linapigwa hadi redio haisikiki. Darubini ya macho mawili niliyoachiwa na padri iko kwenye boksi lake, imelala vizuri kuliko mimi.

Leo ni siku ya kufunga fomu. Mara mbili kwa mwezi naiandikia namba nyota yangu ya kusini, ile inayong'aa na kufifia. Mimi naiita Kigeugeu. Namba kubwa maana yake mng'ao mdogo. Wazungu ndivyo walivyoamua. Fomu zinakwenda kwa chama chao cha ng'ambo. Zangu hazijawahi kuwa na pengo. Mwaka jana kwenye orodha yao nilimpita mzee mmoja mwenye darubini kubwa na kibanda chake maalumu. Sitaki anipite tena.

Nimeandika 6.9. Kwa hesabu yangu sasa inafifia. Nyota haitakuja kulalamika.

Jumapili, 24 Machi
Anga limefunguka baada ya magharibi. Kigeugeu iko juu ya miti ya jirani, nyekundu, inang'aa kama imekula sikukuu. 5.4. Haijafifia hata kidogo.

Fomu imeondoka na treni ya jana.

Si kitu. Nyota ni mamilioni. Nani ataangalia yangu?

Jumanne, 18 Juni
Wameangalia yangu.

Barua, kurasa mbili. Kuna watafiti wanaopiga picha anga lote la kusini, kipande kwa kipande. Mashine inapima mng'ao wa kila nyota na kila galaksi inayopatikana. Mamilioni. Kigeugeu imo. Picha ya Machi 13, inang'aa. Picha ya Machi 15, inang'aa. Machi 14 mashine ilikuwa inatazama kwingine. Duniani kote namba ya siku ile ni moja tu. Yangu. Na yangu inasema nyota ilizimika kidogo.

Wanadhani kuna kitu kimeipita mbele. Nyota mwenza, labda, iliyojificha miaka yote. Wameomba siku kwenye darubini kubwa sana ili waitafute. Wanataka nakala ya ukurasa wa daftari langu la usiku ule. Jina langu litaandikwa kwenye makala yao.

Kilichoipita mbele ni wingu la Mpanda.

Jumatano, 19 Juni
Nimemwonyesha mke wangu barua. Akaiinua dirishani kama anakagua noti.

"Baba Leokadia, jina lako litasomwa Ulaya. Na hapa Ilembo mwenyekiti wa mtaa bado anakuita 'we mtu wa tumbaku'."

Habari ya mvua sikumwambia. Nimezunguka nyumba mara nne. Mbwa wa jirani alinisindikiza mara mbili, akachoka.

Nalitaka jina hilo. Bora niandike hapa, ambako hakuna wa kunicheka.

Jumapili, 23 Juni
Sikwenda misa. Nimesema tumbo.

Nimetengeneza ukurasa. Tarehe, saa, "anga safi", nyota mbili za kulinganishia, 6.9. Karatasi ilikuwa nyeupe mno, nikaining'iniza juu ya mafiga, kwenye moshi. Miaka kumi na tano ni mteuzi wa tumbaku: naangalia jani, nataja daraja. Rangi naijua. Karatasi ilitoka kahawia laini, daraja la kwanza kabisa. Mtu yeyote angeamini ina miezi mitatu.

Hata mimi karibu niamini. Hapo ndipo nilipoogopa.

Alhamisi, 27 Juni
Soko la tumbaku, Kasokola. Marobota hadi nje ya ghala. Sijalala vizuri wiki nzima. Nilikuwa napita tu, naangalia juu ya robota, natamka, karani anaandika.

Nikafika kwa Mama Ezekieli, mkulima wa kule Katumba, Mrundi, mwembamba, kitenge kimefungwa kama anakwenda vitani.

"La tatu," nikasema.

"Mzee, hujafungua."

"Mama, kazi hii naijua."

"Sijauliza unajua nini. Nimesema hujafungua."

Watu wakaanza kusogea. Mmoja akapaza sauti, "Leo umepatikana, mteuzi!" Nikamwambia Mama Ezekieli foleni ni ndefu. Akakaa juu ya robota lake.

"Nimepanda, nimepalilia, nimekaa na moto wa bani nikikausha majani usiku na mchana. Na wewe huwezi hata kuinama?"

Nikainama. Nikafungua kamba, nikatoa majani ya juu, ya katikati, ya chini kabisa. Nikayapeleka kwenye mwanga. La tatu. Juu hadi chini, la tatu. Moyoni nikasema, haya, nani kashinda?

"Ni la tatu, mama. Kama nilivyosema."

Akashuka, akajifunga kitenge upya. "Haya. Sasa ni la tatu. Mwanzo yalikuwa maneno tu."

Akaweka dole gumba kwenye karatasi ya karani, akaondoka bila hasira. Ningependa angekuwa na hasira.

Ijumaa, 28 Juni
Sijala. Homa sina. Ni yule mama tu.

Jumamosi, 29 Juni
Nimeketi tangu asubuhi na shajara hizi za miaka sita na nakala za fomu. Nadanganya kwenye fomu, halafu ukweli nauandika humu. Mwizi anayejiwekea risiti.

Siku zenye mvua humu na namba kule: kumi na nane. Nilidhani tatu, nne hivi.

Nikaandika barua. Kiingereza changu kinachechemea ila kinafika. Nimezitaja zote kumi na nane, tarehe kwa tarehe. Machi 14 nimeiweka ya kwanza. Ukurasa wa moshi nimeutia jikoni. Umewaka haraka, kama tumbaku iliyokauka sawasawa.

Mke wangu aliniona nikichoma, ikabidi nimweleze. Akakaa kwenye kigoda akacheka hadi machozi.

"Kumbe ndiyo hiyo? Siku zote hizi huli, hulali, mimi nikajua umepata mwanamke Mwese!"

"Mwese, kwa njia ile mbovu?"

"Ndiyo maana nilikuwa nashangaa."

Nimeipeleka barua posta mwenyewe. Niliishika kwenye mdomo wa sanduku la barua. Halafu nikaiachia.

Jumatano, 31 Julai
Treni imekuja. Hakuna kitu. Mtu wa posta sasa ananitikisia kichwa kabla sijafika.

Huenda wamenifuta kabisa. Wana haki.

Jumanne, 10 Septemba
Wamejibu. Nusu ukurasa.

Maombi ya darubini kubwa wameyaondoa. Siku zile wamepewa wengine. Makala itatoka bila Kigeugeu. Jina langu halimo. Namba kumi na nane zimekatwa. Zilizobaki zimewekewa alama ya mashaka hadi walinganishe kila moja na picha za mashine yao. Wamesema asante kwa kusema mapema. Mapema! Miaka sita.

Kwa hiyo mashine itanipanga daraja. Itafungua robota zima, juu hadi chini.

Nimeumia. Yule mzee wa kibanda atanipita, na mimi nitakuwa wa mwisho, au sitakuwamo.

Nyuma ya barua kulikuwa na fomu mpya. Rundo. Hakuna maelezo.

Alhamisi, 14 Novemba
Mvua tangu alasiri. Nimetoka mara mbili na kofia, nikarudi mara mbili na maji. Hakuna nyota.

Kwenye mstari wa leo wa fomu sikuweka kitu. Naandikia kitandani, mapema hivi majirani bado wanakula. Mke wangu amekuja sasa hivi, kasimama na taa, kaniambia nisogee. Sijazoea kuwa kitandani saa hizi, nimelala upande wake.